Gewürztraminer Inapokwenda Kombo: Dalili, Vyanzo na Hatua za Kuchukua

Malalamiko yanayotolewa kuhusu zabibu ya Gewürztraminer ni yale yale kila msimu: mvinyo haunukii kama ilivyotarajiwa, au unanukia lakini una uchungu, au umelala mdomoni kama maji ya sukari, au mzabibu wenyewe umezaa vichala vichache vinavyonyauka kabla ya mavuno. Mwongozo huu unapanga shida hizo kwa dalili, ukianzia kwenye glasi na kurudi nyuma hadi ghalani, yaani mahali mvinyo unapotengenezwa, na shambani, kwa sababu ukaguzi wa kwenye glasi hauna gharama, na mara nyingi ndio unaomaliza shida. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea zaidi kimetangulizwa.

Gewürztraminer ni zabibu yenye ganda la rangi ya waridi inayotoa mvinyo mweupe. Jina lake limeunganishwa kutoka neno la Kijerumani lenye maana ya kiungo cha chakula na jina la kijiji cha Tramin, ambacho Waitalia hukiita Termeno, kilichoko Tirol ya Kusini, kaskazini mwa Italia. Kinasaba ni badiliko la Traminer, zabibu ile ile ambayo wakulima wa Jura nchini Ufaransa huiita Savagnin. Makao yake makuu leo ni Alsace, mashariki mwa Ufaransa, ambako jina huandikwa bila nukta mbili juu ya herufi u, na ambako tangu 1973 ndilo jina rasmi lililochukua nafasi ya Traminer.

Yapo mambo manne ambayo anayetafuta chanzo cha kasoro hana budi kuyakumbuka. Sukari ya zabibu hii hupanda haraka. Uchachu wake hushuka mapema. Harufu yake huja mwisho. Tena harufu hiyo imehifadhiwa katika ganda lile lile lililobeba uchungu na ukakasi. Mkulima anayengoja harufu hupoteza uchachu, na anayeukimbilia uchachu huvuna zabibu bubu. Ndiyo maana dalili nyingi zilizo hapa chini, hata zile zinazoonekana kuwa za ghalani tu, huishia kwenye swali la siku ya mavuno.

Dalili ya kwanza: mvinyo haunukii

Chanzo kinachotokea zaidi ni baridi. Mvinyo uliotoka kwenye jokofu ukiwa na nyuzi 4 za sentigredi hauwezi kuachia harufu yake, na mnywaji huilaumu zabibu kwa kosa la jokofu. Uache mezani mpaka ufikie kati ya nyuzi 10 na 12, jaza glasi hadi theluthi moja tu ili harufu ipate nafasi ya kukusanyika, ikumbatie kwa viganja kwa dakika chache, kisha unuse tena. Harufu inayotafutwa ni ya waridi, lichi, tangawizi na mdalasini. Msomaji aliyekulia pwani ana faida hapa, kwa kuwa pua yake imezoea maji ya waridi na viungo tangu utotoni. Na ambaye hajawahi kula lichi lakini anaijua shokishoki ya Unguja anaweza kuanzia hapo, kwani matunda hayo mawili ni ya ukoo mmoja. Kuitaja lichi si mapambo ya maneno. Kemikali inayoitwa oksidi ya waridi, ambayo ndiyo inayoipa Gewürztraminer utambulisho wake, imo pia katika lichi yenyewe.

Harufu isiporudi baada ya mvinyo kupata joto, chunguza kizibo. Kizibo kilichopata doa la ukungu huupa mvinyo harufu ya boksi lililolowa au ya chumba kilichofungwa muda mrefu, na doa likiwa dogo huenda usinuse ukungu wowote bali ukaona tu kwamba harufu ya matunda imezimika. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kufungua chupa nyingine ya mwaka huo huo na kulinganisha. Chupa yenye doa hilo haina dawa. Irudishwe dukani.

Chanzo cha tatu ni umri. Chupa nyingi za bei ya kawaida zinafaa kunywewa ndani ya miaka michache ya kwanza. Zile zinazodumu kwa kawaida hutoka katika mashamba yenye sifa, kama Hengst na Zinnkoepflé, ambayo ni miongoni mwa mashamba 51 ya Alsace yenye cheo cha juu cha Grand Cru. Mvinyo uliopitwa na wakati hunuka asali iliyokolea na tufaha lililokatwa likaachwa wazi, na waridi huwa halipo tena.

Iwapo kasoro iko katika mvinyo unaoutengeneza mwenyewe, hakikisha kwanza kwamba mizabibu yako ni Gewürztraminer kweli. Ipo Savagnin ya waridi, ambayo katika kijiji cha Heiligenstein huko Alsace huitwa Klevener, yenye ganda la rangi ile ile na majani yanayofanana, lakini isiyo na manukato hayo. Jicho linaweza kudanganyika. Kwa hiyo chuma punje iliyoiva, tema maji na mbegu, kisha litafune ganda peke yake polepole kwa nusu dakika. Kama ni Gewürztraminer iliyokomaa, harufu itapanda nyuma ya pua baada ya kutafuna kwa muda kidogo, na kama ni ile nyingine, utapata ukakasi tu.

Jaribio hilo la ganda ndilo ninalolithamini kuliko kifaa chochote cha kupimia sukari, kwa sababu linajibu pia swali la siku ya mavuno. Sukari ya Gewürztraminer inaweza kufika kiwango cha kuridhisha wiki moja au zaidi kabla harufu haijakamilika, na mkulima anayefuata refraktomita, kifaa hicho cha sukari, peke yake huvuna sukari akaacha manukato. Chunguza mbegu pia: zikiwa bado na ukijani, subiri. Alsace inaweza kusubiri kwa sababu milima ya Vosges huzuia mvua zinazotoka magharibi, na mji wa Colmar ni miongoni mwa miji yenye mvua chache zaidi Ufaransa. Tramin nayo husaidiwa na upepo wa alasiri uitwao Ora, unaovuma kutoka upande wa Ziwa Garda na kuvikausha vichala. Mahali pasipo na kinga ya namna hiyo, kusubiri kunaweza kuleta uozo, na hapo mkulima analazimika kuchagua.

Mavuno mengi kupita kiasi nayo huzimua harufu, na dawa yake ni kupunguza vichala mara tu punje zinapoanza kubadilika rangi. Ghalani, uchachushaji unaovuka nyuzi 20 hupeperusha manukato pamoja na gesi. Ukiushikilia kati ya nyuzi 14 na 18 utahifadhi zaidi. Bentonaiti, udongo wa mfinyanzi wa kusafishia mvinyo, iliyotiwa kwa wingi bila majaribio huondoa harufu pamoja na protini.

Yapo pia marekebisho ya ndani zaidi. Sehemu kubwa ya manukato ya zabibu hii, yakiwemo geranioli na linaloli, imefungwa kwenye molekuli za sukari, na ikiwa imefungwa hainuki kabisa. Vimeng'enya vinavyouzwa kwa watengenezaji wa mvinyo huweza kukata kifungo hicho, lakini nguvu yake huzuiwa na glukosi, hivyo hutiwa mwishoni mwa uchachushaji sukari inapokaribia kwisha, kisha husimamishwa kwa bentonaiti harufu ikishafika kiwango kinachotakiwa. Usipovisimamisha, vitaendelea kukata hadi mvinyo unuke kama duka la sabuni. Kazi hii ifanywe kwa maelekezo ya fundi wa mvinyo na kwa jaribio la lita chache kwanza, na ieleweke kwamba mvinyo uliokwisha kutiwa kwenye chupa hauwezi kuongezewa harufu.

Dalili ya pili: uchungu mwishoni na kuchoma kooni

Uchungu kidogo ni tabia ya zabibu hii, sawa na uchungu wa ganda la balungi, na si kila mnywaji anayeulalamikia ana haki ya kuuita kasoro. Jaribu kwanza kuunywa pamoja na chakula chenye mafuta na harufu kali. Huko Alsace wenyeji huutumia pamoja na jibini la Munster, ambalo wengi hulikimbia kwa harufu yake, na uchungu ule hupotea.

Uchungu unaobaki hata hapo, pamoja na ukakasi unaokausha ulimi, kwa kawaida umetoka kwenye ganda. Watengenezaji huloweka zabibu zilizopondwa kwa saa kadhaa kabla ya kukamua ili kuvuta harufu kutoka ganda, nayo ni desturi nzuri, mradi izingatiwe kwamba baridi na muda mfupi ndivyo vinavyoilinda. Saa 4 hadi 12 katika takriban nyuzi 10 zinatosha. Saa 24 katika ghala lenye joto huvuta uchungu kuliko harufu. Chanzo kinachofuata ni kukamua kwa nguvu. Mchuzi, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa, unaotoka mwanzoni kwa shinikizo dogo ni mlaini, na unaotoka mwishoni ni mchungu, hivyo utenge tangi la mchuzi wa mwisho na uamue baadaye, kwa kuonja, kama una nafasi yoyote katika mchanganyiko. Mabua ya kichala yaliyosagwa na mashine huongeza ukakasi wa kijani.

Kuungua kooni ni jambo jingine, nalo latokana na kilevi. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja ya mchuzi hutoa takriban asilimia moja ya kilevi, na kwa kuwa zabibu hii hujaa sukari, mvinyo wa asilimia 14 si ajabu. Mnywaji anaweza kuupoza hadi nyuzi 9 au 10. Mtengenezaji arudi kwenye siku ya mavuno.

Mvinyo mchungu ulio bado kwenye tangi unaweza kusafishwa kwa kaseini au polima ya PVPP. Fanya jaribio kwenye chupa ndogo zenye vipimo tofauti, ukionja kila moja baada ya kutulia. Kaseini hutokana na maziwa, na katika Umoja wa Ulaya mabaki yake yakigundulika kwenye mvinyo ni lazima yatajwe kwenye lebo, kwa ajili ya watu wenye mzio.

Dalili ya tatu: mvinyo umepooza, hauna uhai mdomoni

Hapa ndipo mvutano nilioutaja mwanzoni unapoonekana wazi. Asidi ya maliki hupotea kila usiku wenye joto, na Gewürztraminer iliyochelewa kuvunwa ili harufu ikamilike inaweza kufika ghalani ikiwa na pH, yaani kipimo kinachopanda uchachu unaposhuka, ya 3.7 au zaidi. Mvinyo wa namna hiyo huwa mnene, mtamu kwa hisia hata kama hauna sukari, na huchosha baada ya glasi ya kwanza.

Kabla ya kuilaumu zabibu, angalia mambo mawili. La kwanza ni halijoto, kwani mvinyo uliopata joto la sebuleni hupooza, na nyuzi 10 huurudishia unyoofu. La pili, kwa mtengenezaji, ni kama uchachushaji wa bakteria umetokea bila kukusudiwa, kwa maana bakteria hao huigeuza asidi kali ya maliki kuwa asidi laini ya laktiki na kumaliza uchachu kidogo uliokuwepo. Maabara yoyote ya mvinyo hupima jambo hilo kwa haraka. Huzuiwa kwa kuupoza mvinyo na kutia salfa, yaani salfa dioksidi ya kuhifadhi mvinyo, mara baada ya hamira kumaliza kazi. Chanzo cha tatu husahauliwa na wengi: kuloweka maganda kwa muda mrefu huvuta potasiamu, nayo potasiamu huungana na asidi ya tartari, ikazama chini kama fuwele, na pH ikapanda zaidi.

Kuongeza asidi ya tartari ni dawa inayojulikana, lakini sheria itangulie mkono. Kanuni za Umoja wa Ulaya huiweka Alsace katika kanda B, ambako kwa kawaida hairuhusiwi ila kwa idhini ya miaka ya pekee, kama ulivyokuwa mwaka wa joto kali wa 2003. Pasipo idhini hiyo, mtengenezaji hubaki na njia za shambani: kuvuna alfajiri, kuyaacha majani ya upande wa jua la alasiri yavitilie kivuli vichala, na kuvuna kwa awamu mbili, awamu ya kwanza siku chache mapema kwa ajili ya uchachu na ya pili kwa ajili ya harufu, kisha kuchanganya. Njia hiyo ya awamu mbili huongeza gharama ya vibarua, hata hivyo ndiyo ninayoiona kuwa ya haki zaidi kwa zabibu yenyewe.

Mwenye mvinyo wa pH ya juu anapaswa pia kujua kwamba salfa yake haifanyi kazi kama kwa wengine. Ili kupata kinga ile ile inayopatikana kwa takriban miligramu 21 za salfa huru (isiyofungwa na vitu vingine) kwa lita katika pH ya 3.2, huhitajika karibu miligramu 50 katika pH ya 3.6 na karibu 80 katika pH ya 3.8. Usikisie vipimo hivi. Peleka sampuli maabara. Salfa dioksidi pia huumiza mapafu, na mtu mwenye pumu asiishike kabisa.

Dalili ya nne: lebo haikusema ni mtamu

Mara nyingine mvinyo ni mkavu kweli, na pua ndiyo inayoudanganya ulimi, kwa kuwa harufu ya lichi na waridi hukumbusha vitu vitamu. Ziba pua, onja, na usikilize ulimi peke yake. Utamu ukibaki, basi sukari ipo. Kwa miaka mingi chupa za Alsace hazikulazimika kueleza jambo hilo, na wanunuzi walisumbuka; kuanzia mavuno ya 2021 kiwango cha utamu ni lazima kiandikwe kwenye lebo kwa maneno ya Kifaransa: *sec* kwa mkavu, *demi-sec* kwa utamu kidogo, *moelleux* kwa mtamu, na *doux* kwa mtamu sana wenye zaidi ya gramu 45 za sukari kwa lita. Chupa yenye maneno *Vendanges Tardives* imetokana na zabibu zilizochelewa kuvunwa, na *Sélection de Grains Nobles* imetokana na punje zilizochaguliwa baada ya kuingiwa na ukungu wenye manufaa, hivyo zote mbili huwa na sukari nyingi. Chupa za miaka ya nyuma ziulizwe kwa muuzaji.

Dalili ya tano: uchachushaji umesimama

Onyo linatangulia. Lita moja ya mchuzi yenye gramu 200 za sukari hutoa takriban lita 50 za kabonidayoksaidi, nayo ni gesi nzito kuliko hewa, haina rangi, na hujikusanya chini ya ghala na ndani ya matangi. Watu hufa kwayo, na mara nyingi hufa wawili, wa pili akiwa ni yule aliyeingia kumwokoa wa kwanza. Fungua milango, washa feni, tumia kipimo cha gesi wala usitegemee kuzimika kwa mshumaa, usifanye kazi peke yako, na usiingie kwenye tangi kwa sababu yoyote bila kifaa cha kupumulia na mafunzo ya kukitumia. Mtu akianguka ndani, waite wazimamoto.

Chanzo cha kawaida cha kusimama ni baridi iliyozidi. Chini ya nyuzi 12 hamira nyingi hulegea. Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 18, koroga mashapo, na ungoje siku moja. Cha pili ni upungufu wa naitrojeni, ambayo ni chakula cha hamira, unaopaswa kupimwa kwenye mchuzi kabla ya kuanza. Chini ya takriban miligramu 150 kwa lita ni pungufu, na mchuzi wenye sukari nyingi huhitaji zaidi ya hapo. Kuutia naitrojeni mvinyo uliokwisha kuvuka nusu ya safari hakusaidii sana, kwani kilevi huizuia hamira isiipokee. Cha tatu ni kilevi chenyewe kuizidi nguvu hamira. Kuanzisha upya mvinyo wa namna hii kunahitaji hamira sugu iliyozoezwa polepole kwa mvinyo wenyewe, na asiyewahi kufanya kazi hiyo amwite fundi ndani ya siku mbili au tatu, maana mvinyo mtamu wenye joto na usio na salfa ni karamu ya bakteria wa siki.

Dalili ya sita: harufu ya mayai viza

Harufu hii ni ya haidrojeni salfaidi. Hutokana kwanza na hamira yenye njaa ya naitrojeni, na pili na unga wa salfa ulionyunyizwa shambani dhidi ya ubwiri unga ukabaki kwenye maganda hadi mavuno. Ili kuthibitisha, koroga glasi moja kwa kipande safi cha shaba nyekundu na uilinganishe na glasi nyingine. Harufu ikipungua umepata jibu, na mvinyo wa glasi hiyo umwagwe.

Uchachushaji ukiwa bado mchanga, ongeza chakula cha hamira na upitishie mchuzi hewa kidogo. Uchachushaji ukiisha, uhamishe mvinyo kutoka kwenye mashapo. Usiupigie hewa nyingi wakati huo, kwanza kwa sababu utapoteza waridi lako, na pili kwa sababu misombo ya salfa huweza kugeuka ikawa ya aina iliyo ngumu zaidi kuondoa. Harufu ya kitunguu au mpira uliochomwa ni dalili kwamba umefika huko. Dawa za shaba zipo, lakini shaba ni sumu na kiwango cha juu kinachoruhusiwa kubaki katika mvinyo Ulaya ni miligramu 1 kwa lita, kwa hiyo kazi hiyo ni ya fundi mwenye maabara.

Dalili ya saba: ukungu, fuwele au mapovu kwenye chupa

Fuwele zinazong'aa chini ya chupa ni chumvi ya asidi ya tartari. Hazina madhara, mimina taratibu. Ukungu mwepesi, yaani mvinyo kupoteza uangavu, uliotokea baada ya chupa kupata joto kwa kawaida ni protini, ambayo zabibu hii inayo kwa wingi, na mtengenezaji angeugundua mapema kwa kuweka sampuli iliyochujwa katika nyuzi 80 kwa saa mbili na kuitazama ikishapoa. Sampuli ikifanya wingu, pima bentonaiti kwa majaribio, ukichagua kipimo kidogo zaidi kinachotosha.

Ukungu ukiambatana na mapovu na kizibo kinachosukumwa nje, hamira imeamka ndani ya chupa yenye sukari. Gramu 4 tu za sukari kwa lita huweza kuzalisha shinikizo la karibu angahewa moja, na chupa za mvinyo wa kawaida hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Vaa miwani ya kinga na glavu nene, zipeleke chupa mahali pa baridi ukiwa umezifunika kwa turubai, usizitikise, na umwite fundi azifungue. Watoto wasikaribie.

Kuhusu rangi, dhahabu iliyokolea au yenye wekundu wa shaba ni ya kawaida, kwa kuwa ganda lenyewe ni la waridi. Hudhurungi pamoja na harufu ya tufaha lililooza ni hewa iliyoingia.

Dalili ya nane: vichala vichache, au punje ndogo zisizo na mbegu

Zabibu hii huchipua mapema, na macho yaliyokwisha kufunguka huuawa na baridi ya takriban nyuzi 2 chini ya sifuri. Wakulima wa Ufaransa waliyaona hayo Aprili 2017 na tena Aprili 2021. Macho ya akiba huchipua baadaye, lakini huzaa kidogo. Kuchelewesha upogoaji hadi mwisho wa majira ya baridi huchelewesha siku ya kuchipua, na ndiyo kinga isiyo na gharama.

Kama hapakuwa na jalidi, fikiria hali ya hewa ya wakati wa kuchanua, ambayo Alsace ni mwezi Juni. Mvua na baridi hupukutisha maua, na Gewürztraminer hupukutisha kwa wepesi, hasa mzabibu wenye majani mengi kupita kiasi. Kosa la upogoaji linafuata: macho ya chini ya tawi la zabibu hii hayazai sana, kwa hiyo matawi yakatwe marefu. Yote hayo yakiwa sawa na shida ikarudi kila mwaka kwenye mashina yale yale, huku pingili zikiwa fupi na majani yamepinda kama feni, shuku virusi vinavyoenezwa na nematodi, minyoo midogo sana ya udongo. Havina tiba. Peleka sampuli maabara kabla ya kung'oa, na usipande tena papo hapo.

Dalili ya tisa: vichala vinanyauka vikiwa vinaiva

Tazama kikonyo. Madoa meusi yaliyodidimia kwenye mabua, na punje zilizo chini yake zimesinyaa zikawa chachu, ni ukavu wa bua, maradhi yasiyo ya vimelea ambayo Gewürztraminer huyapata kwa urahisi. Magnesiamu imepungukiwa mbele ya potasiamu, ama kwa mbolea iliyozidi, ama kwa shina la kupandikizia, kama lile liitwalo SO4, lisilovuta magnesiamu vizuri. Nyunyiza magnesiamu salfeti kwenye vichala punje zinapoanza kubadilika rangi, rudia baada ya siku kumi, na pima udongo kabla ya kutia potasiamu tena. Vichala vilivyokwisha kukauka vitupwe, visiingie kwenye mashine.

Huulizwa pia kama zabibu hii ingefaa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa maoni yangu haifai, kwa kuwa usiku wenye joto ungeumaliza uchachu wake kabla harufu haijafika, na mzabibu unaotaka majira ya baridi ili upumzike ungekosa pumziko hilo.

Dalili ya kumi: majani ya manjano yaliyojikunja

Manjano kati ya mishipa ya majani ya chini mara nyingi ni upungufu wa magnesiamu tu. Lakini ukiona kwenye tawi moja mambo matatu kwa pamoja, yaani majani ya manjano yaliyojikunja kuelekea chini, tawi linalobaki laini kama mpira badala ya kukomaa kuwa mti, na vichala vilivyokauka, acha kazi zote katika mstari huo. Huenda ni *flavescence dorée*, ugonjwa unaoenezwa na mdudu mdogo mrukaji aitwaye Scaphoideus titanus, na ambao kwa macho hauwezi kutofautishwa na ndugu yake asiye hatari sana. Ni maabara pekee inayoamua. Katika Umoja wa Ulaya ni ugonjwa wa karantini na sheria inakutaka utoe taarifa. Funga utepe kwenye shina, andika mstari na namba yake, piga simu idara ya afya ya mimea siku hiyo hiyo, na usikate kipande chochote cha kupandikiza wala kumpa jirani, hata kama shina la pembeni linaonekana zima.